Mwenye Funguo za Depo

Simu ya Noël iliita ndani ya ndoo ya unga.

Chimène alikuwa uani, ameinama juu ya mbabula, jiko la makaa, akigeuza ndizi za makemba zisiungue, na kwanza alidhani ni simu ya jirani. Ikaita tena. Akaufuata mlio hadi jikoni, akafunua ndoo ya unga wa muhogo, akazamisha mkono hadi kiwiko, akaitoa simu ya mume wake ikiwa nyeupe kama imetoka kusagwa. Kwenye kioo, chini ya vumbi la unga, jina lilisomeka: Tonton Jérémie.

Noël alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikuwa amesikia kila kitu, lakini hakugeuza kichwa.

"Papa Benie," Chimène akamwita, "simu yako inafanya nini ndani ya unga?"

"Ilianguka."

"Ilianguka, kisha ikafunika ndoo?"

Simu ikakatika, ikanyamaza kidogo, ikaanza upya, na hapo Chimène akaona kitu kilichomfuta kicheko mdomoni. Miguu ya mume wake ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa mchana mkavu wa Mangobo, mtaa wa Kisangani, jua limelalia mabati, kuku wenyewe wamejificha chini ya gari bovu la jirani, na magoti ya mwanaume mzima yalikuwa yanagongana kwa sababu mtu anampigia simu.

Akaizima. Akaifuta polepole kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, na kadiri alivyoifuta ndivyo hasira ilivyomjaa kifuani.

Noël alikuwa magasinier, mtunza stoo, kwenye depo moja ya saruji karibu na beach, pale mashua zinaposhusha mizigo. Asubuhi anafungua milango, jioni anaifunga, na katikati anapokea na kutoa mifuko ya mtu mwingine. Mshahara wake ulikuwa wa kulipia nyumba ya kupanga, chakula, na masomo ya mtoto wao Benie na mdogo wake, na mwezi ambao hakuna aliyeugua, kilibaki kidogo cha kununua viatu. Lakini alitembea na rundo la funguo kiunoni. Ndugu zake wa Yanonge walipokuja mjini na samaki wao, walimkuta amesimama mbele ya mlima wa saruji, vibarua wanamwita patron, bosi, kwa kumtania, magari yanangoja neno lake. Wakarudi kijijini na habari moja: Noël iko na depo. Hakuna aliyesema kwamba anafanya kazi kwenye depo. Iko nayo.

Na Noël, hili ndilo Chimène alishindwa kulimeza, hakuwahi kuwasahihisha.

Tangu baba yake, papa Timothée, alipofariki mwaka uliopita, mdogo wa marehemu, tonton Jérémie, ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mkubwa wa jamaa. Tonton hakuwa mtu wa kuomba. Alitangaza. Shangazi anaumwa jino, "utaona namna." Bati la nyumba ya kijijini limetoboka, "weye njo mukubwa," yaani wewe ndiye mkubwa. Mtoto wa binamu anafanya mtihani wa serikali, "tunakuangalia." Kila tangazo lilifika kwa simu, na kila tangazo Noël alilijibu kwa neno lile lile: ndiyo, tonton. Kwanza alitoa kwenye mshahara. Baadaye akaomba mshahara wa mwezi ujao kwa papa Émile, mwenye depo, kisha wa mwezi unaofuata. Papa Émile alipokataa, Noël akaenda banque Lambert, jina la kejeli ambalo watu wa mjini wamewapa wakopeshaji wa mtaani, wale wanaokupa kwa tabasamu na kukudai kwa matusi.

Sasa lilikuwa limekuja la kaburi. Jamaa ilikuwa inajitayarisha kwa retrait de deuil, sherehe ya kumaliza kilio cha papa Timothée, na tonton alikuwa ameamua kwamba kaburi litajengwa kwa saruji, lenye baraza kuzunguka na paa juu, ili wapita mtoni walione kutoka mbali.

"Ciment iko kwako," alikuwa amesema. Basi.

"Mwambie hauna," Chimène akasema, akimrudishia Noël simu.

"Mama Benie, iko kaburi ya baba yangu."

"Najua iko ya baba yako. Nilimuogesha miye, wakati alikuwa anaumwa humu ndani. Papa Timothée alikufa na shati mbili na hakuuliza ya tatu. Leo anataka baraza? Alikuambia lini?"

"Mutoto wa kwanza hasemi hapana."

"Basi mutoto wa kwanza atakufa, na batajenga kaburi mbili. Ciment ya ile ya pili itatoka wapi?"

Noël akainuka, akavaa ndala, akatoka. Makemba yaliungua yote.

Mtaa mzima ulikuwa na ushauri. Mama wa chumba cha maombi alisema Noël amefungwa na roho ya madeni na alihitaji kufunga kula, kana kwamba kuna aliyekuwa anakula. Jirani mmoja alileta majani ya kuchemsha. Kwenye redio, mwanamke mwenye sauti ya maji baridi aliwaambia wasikilizaji kwamba mtu akisumbuliwa na mambo ya pesa atembee kidogo jioni, apumue kwa tumbo, na aache anasa ndogo ndogo. Chimène alikuwa anapepeta mchele aliposikia hayo. Akatazama chumba chake, kitanda, meza, viti vya plastiki, pazia lililoshonwa mara nyingi, akatafuta anasa ya kuacha. Akaizima redio kwa kidole kimoja, kwa nguvu, hadi kitufe chake kikazama ndani na hakikutoka tena.

Noël alianguka siku ya Jumatatu, katikati ya mifuko. Vibarua walisema alikuwa anaongea na simu, anasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha akakaa chini kama mtu aliyechoka, kisha akalala. Wakampakia kwenye pikipiki, mmoja nyuma akimkumbatia, wakampeleka kituo cha afya kilicho karibu. Chimène alipofika, vidole bado vinanuka vitunguu, alimkuta amelazwa, mdomo umevutika kidogo upande, macho yakiwa wazi.

Daktari alikuwa kijana, mpole, amechoka. Tension, presha ya damu, alisema. Imepanda vibaya, lakini Mungu mkubwa, haikupasua kitu. Mdomo utarudi. Akaandika vidonge, kisha akaongeza: "Na asiwaze sana, mama. Kichwa yake inapaswa kupumzika."

"Docta," Chimène akasema, na sauti yake ilikuwa imekaza kuliko alivyotaka, "ile dawa ya kutowaza inauzwa farmasi gani? Niambie niende. Miye nitauza hata sufuria."

Daktari hakukasirika. Alimwangalia, akaweka kalamu mfukoni.

"Hainunuliki," akasema. "Lakini kuna kitu kinamuogopesha. Sijui ni nini. Weye unaweza kujua. Kama unakijua, ukitoe mbele yake. Kama hapana, tutaonana tena hapa, na ile siku sitakuwa na maneno mazuri."

Chimène akakaa kando ya kitanda. Alikijua. Alikuwa anakijua kwa jina na kwa namba ya simu.

Jamaa ilifika siku ya soko, kutoka beach moja kwa moja. Tonton Jérémie alikuwa mbele, na koti lake la sherehe na mkoba wa ngozi kwapani. Nyuma yake shangazi wawili, na Fiston, mwana wa tonton, kijana mrefu asiyetoa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Wa mwisho alikuwa Orpha, dada mdogo wa Noël, mchuuzi wa samaki wa moshi, kikapu bado kichwani. Wakajaza chumba. Shangazi wakalia kidogo, kama inavyotakiwa, wakamshika Noël miguu, wakamtukuza Mungu. Kisha wakaona sufuria.

Chimène alikuwa ameamka mapema kutwanga lituma, ndizi za kuponda, na kununua samaki mbichi mdogo, wa pekee aliyemmudu, akampika bila chumvi kama daktari alivyosema. Fiston ndiye aliyefunua. Tonton ndiye aliyesema, "Haina chumvi," baada ya tonge la tatu. Walipomaliza, kilichobaki kilikuwa kichwa cha samaki, na Noël, ambaye hakuwa amekula, aliwatazama akitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliotii.

Chimène alifunika sufuria tupu. Bado alikuwa anajizuia, kwa sababu ni wakwe zake, kwa sababu alilelewa Kindu na mama ambaye hakuwahi kuinua sauti mbele ya wakwe, kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa na mgonjwa mwingine, mzee mmoja, aliyejifanya amelala.

Tonton akafuta vidole, akakohoa.

"Bon. Mutoto yetu iko muzima, tunashukuru Mungu. Donc, tusipoteze wakati. Noël, hautainuka leo, tunaona. Lakini funguo za depo ziko kwa nani? Ju mashua ya Fiston iko hapa leo, inarudi tupu. Tungepakia ile ciment, hata ya kuanza. Weye unamwandikia tu mutu wako pale kikaratasi."

Noël akafungua mdomo. Chimène aliliona neno likija, lile lile la siku zote, alimwona akilivuta kutoka tumboni kama maji kisimani, ndi..., na kitu ndani yake kikakatika.

"Usijibu!" akasema.

Kila mtu akageuka.

"Usijibu, papa Benie. Leo nitajibu miye. Tonton, munakuta mutu amelala, mudomo yake imeenda kando, munakula chakula yake, kisha munamuuliza funguo? Funguo za nani? Depo iko ya papa Émile! Noël anafunga na kufungua mulango, njo kazi yake. Akichukua mufuko moja, anaenda prison. Munasikia? Prison! Na munajua analipwa ngapi? Kuna mutu hapa aliuliza hata siku moja?"

"Mama Benie," Noël akanong'ona.

Akautaja. Akautaja mshahara wa mume wake kwa sauti, kwa falanga, bila kupunguza wala kuongeza, kama mtu anayetaja bei ya nyanya sokoni. Akataja nusu inayokatwa kwa ajili ya bati la kijijini na jino la shangazi. Akataja banque Lambert. Akataja kwamba Benie alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada wiki ile ile ambayo mtihani wa mtoto wa binamu ulilipwa.

Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Mzee wa kitanda cha pili akafumbua macho kabisa. Noël alivuta shuka, akajifunika uso, kama maiti.

Tonton alisimama. Alikuwa ameumia kweli, na hilo lilimwongezea Chimène hasira.

"Belle-fille," akamwambia mkwe wake, "umevulisha mutoto yetu nguo mbele ya batu. Mushahara ya mwanaume haitajwi. Kwenu Kindu njo vile munafanya?"

"Kwetu Kindu hatuulizi ciment kwa mugonjwa!"

"Lakini..." Ilikuwa sauti ndogo, kutoka mlangoni. Orpha alikuwa ametua kikapu. Alikuwa mtu wa kusema kidogo, na alionekana amechanganyikiwa kuliko kukasirika. "Lakini yaya Noël, kaka yangu, na ile feza ya moteur?"

Shuka ikatikisika. "Moteur gani?"

"Ya papa. Ile uliyomununulia. Mi napanda nayo kila juma na samaki yangu, nalipa kiti kwa Fiston. Batu yote ya Yanonge banalipa. Nilijua anakutumia."

Noël akaiondoa shuka usoni. Injini ile ya mtumbwi aliinunua zamani, kabla ya kuoa, kwa akiba yake ya kwanza, ili baba yake asipige tena kasia uzeeni. Baba alipofariki, tonton alimwambia kwamba injini nayo imekufa. Noël hata alituma pesa ya vipuri, mara mbili, kisha akaambiwa imeshindikana, akaisahau.

"Tonton," akasema, na maneno yalimtoka kwa shida kwenye ule mdomo wa upande, "uliniambia moteur ilikufa."

Tonton alitazama mkoba wake, akatazama dirisha. Fiston, kwa mara ya kwanza, alivua miwani.

"Ilikufa," tonton akasema. "Kisha ilipona."

Mzee wa kitanda cha pili alicheka kwa sauti. Alicheka hadi akakohoa, na muuguzi Simone akaja mbio kuangalia kuna nini.

Chimène hakucheka. Na hakupiga kelele tena. Kelele ilikuwa imemwishia, na kilichobaki kilikuwa kizito zaidi. Akaenda kusimama mlangoni, mikono kwenye nguzo zote mbili.

"Bon," akasema. "Moteur imepona. Mwenye moteur hajapona, na hawamwachii kutoka hapa bila kulipa kitanda na dawa. Mama Simone iko hapa, atatuambia bei. Tonton, fungua mukoba. Hakuna mutu anapita."

"Iko michango ya kilio..."

"Iko feza ya moteur. Hata kama iko michango, iko ya baba yake. Papa Timothée hangekataa. Fungua."

Tonton alimtazama Orpha, aliyekuwa anatazama sakafu. Akawatazama shangazi, na shangazi wakaangalia kwingine, kwa sababu nao walikuwa wamelipa kiti kwenye injini ile, hata siku ya kuja. Akafungua mkoba. Alilipa noti moja moja, kwa uchungu, kama mtu anayeng'olewa meno bila sindano.

Walipoondoka, Noël aligeukia ukuta. Hakuongea na mke wake jioni ile wala asubuhi iliyofuata. Chimène alimlisha, akamfuta, akampa vidonge. Alipoinama kuchukua sahani, ndipo Noël aliposema kwa ukuta:

"Umeniweka uchi."

Chimène alikuwa na maneno ya pole tayari mdomoni. Yakageuka.

"Ndiyo. Nimekuweka. Na weye? Walipokuita mwenye depo, ulinyamaza. Mi nilikuona, ulikuwa unasimama wima kidogo. Ulipenda! Tulikuwa tunakula majani ya pondu bila mafuta ju ya weye kuitwa patron Yanonge!"

Alitegemea atamkatalia. Noël akageuka polepole.

"Nilipenda," akasema. "Hapa mjini mi niko kijana wa funguo. Papa Émile ananiita na kidole. Pale kijijini nikifika, wananipa kiti mbele. Ile kiti, mama Benie, niliogopa wataniondolea."

Chimène akakaa. Alikuwa bado na hasira, lakini haikuwa na mahali pa kukanyaga.

"Basi wamekwisha kuiondoa," akasema hatimaye. "Umekufa?"

Noël alifikiri. "Hapana," akasema, kama mtu aliyejipapasa na kukuta hana jeraha. Muda mfupi baadaye alilala usingizi mzito, mchana kweupe, akikoroma hadi mzee wa kitanda cha pili akalalamika kwa Simone.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Noël alipotoka, walikwenda pamoja kwa papa Émile, naye alikubali kukata kidogo kidogo badala ya nusu, akinung'unika kwamba yeye si benki. Walikwenda pamoja pia kwa mkopeshaji, ambaye alianza kutukana, lakini alipoona mwanamke amekaa kwenye ngazi yake na chungu cha karanga za kutafuna na hana haraka, akaelewana nao. Chimène alianza kuuza lituma na samaki mbele ya parseli, uwanja wa nyumba yao. Simu ya Noël ilibaki nyumbani wakati wa kazi, juu ya meza, wazi, mtu yeyote aione ikiita.

Orpha ndiye aliyechukua injini. Hakugombana, alipanda tu mashuani asubuhi ya soko, akakaa nyuma mahali pa kupokelea nauli, na wachuuzi wenzake, ambao wote walikuwa wamesikia kisa cha injini iliyofufuka, wakamlipa yeye. Fiston aliendelea kuendesha, kwa ujira wake. Na Orpha akatoa agizo, yeye aliyekuwa haongei: mwenye shida asimpigie tena Noël. Aje Jumapili, akae uani kwa Chimène, aseme shida yake mbele ya wote, na aanze kwa kusema yeye mwenyewe ameleta nini. Inayobaki itaangaliwa kwenye pesa ya injini. Jumapili ya kwanza walijaa. Ya pili walikuja wachache, kwa sababu shida nyingi, zilipolazimika kusemwa kwa sauti mbele ya jirani, zilikuwa ndogo kuliko zilivyokuwa kwenye simu.

Tonton hakuja hata mara moja. Alisema kwa watu kwamba mwanamke wa Kindu amemroga mtoto wao.

Retrait de deuil ilifanyika mwezi wa saba. Kaburi la papa Timothée lilikuwa la matofali ya kuchoma ya palepale kijijini, saruji kidogo tu ya kushikia, msalaba wa mbao mzuri, bila baraza, bila paa. Watu walikula, waliimba, walicheza. Kisha tonton Jérémie akasimama kutoa shukrani. Aliwashukuru wote kwa majina. Alieleza jinsi yeye, peke yake, usiku na mchana, alivyohangaika hadi siku ile ikafika. Alisifu injini ya jamaa iliyosafirisha wageni. Mwisho akasema kwa huzuni: "Mutoto yetu Noël alikuwa mugonjwa, tumuombee. Hakuweza kusaidia."

Chimène alikuwa amekwisha inuka. Damu ilimpiga masikioni. Alikuwa anatafuta tu neno la kuanzia, na aliyaona mengi. Mkono ukamvuta kikwembe. Alikuwa Noël, mdomo umejaa kwanga ya muhogo.

"Acha," akasema. "Kaa."

"Umesikia anasema nini?"

"Nimesikia. Nipatie pilipili."

Alimpa. Noël akachovya kwanga, akaendelea kula.

Walikuwa wanateremka kwenda majini, mashua inangoja, tonton alipowafuata. Alimshika Noël bega, akamvuta kando, lakini si mbali vya kutosha. Chimène alisikia kila neno.

"Noël, mwanangu. Yale yamepita. Sasa, Fiston amepata muchumba. Familia ya binti inadai dot, mahari kubwa. Na weye unajua, baada ya baba yako, weye njo mukubwa."

Noël alitazama mto. Ulikuwa mpana na wa rangi ya chai, na mtumbwi mmoja ulikuwa unakatiza mbali, mwanamke na magunia ya makaa.

"Sina, tonton," akasema.

Tonton alingoja. Ilionekana alikuwa anangoja maneno mengine: lakini, labda, mwezi ujao, nitaona namna. Hayakuja. Noël alisimama tu pale, uso mtulivu.

"Bon," tonton akasema. "Basi nitaangalia fasi ingine." Akampiga Noël begani mara mbili, akageuka, akapandisha njia kurudi kwenye sherehe, akiita mtu amwangalizie kama bado kuna bia kwenye kreti.

Basi, ikawa imeisha.

Chimène alibaki amesimama na viatu mkononi. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Ile miguu iliyokuwa inagongana, ule mdomo uliovutika, Benie amesimama getini na daftari zake, wao kununua mafuta kwa kijiko, muda huo wote, na lililohitajika lilikuwa maneno mawili, na aliyeambiwa hakuumia hata kidogo! Hakukasirika hata! Alitamani kumkimbilia tonton, amshike lile koti, amgeuze, amlazimishe walau asikitike, walau aone haya, walau aulize, mwanangu, ulikuwa unaishije?

"Belle-soeur!" Orpha alikuwa anamwita wifi yake kutoka nyuma ya mashua. "Panda, tuondoke. Maji inashuka."

Akapanda. Akakaa karibu na Noël juu ya gunia la mchele, na Fiston akavuta kamba ya injini. Walipanda mto mchana wote, na nyumba za kwanza za Kisangani zilipoanza kuonekana, Chimène alikuwa bado hajapoa.